Chui na Majina Matatu

Zamani hizo, wanyama walipopenda ubishi kuliko chakula, Chui alimkamata Digidigi akamkandamiza chini kwa mkono mmoja. Wawindaji walikuwa na desturi yao: nyama haipandishwi mtini mpaka aliyeikamata aitaje jina.

"Wewe ni mawindo yangu," alisema Chui, kifua mbele.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alijibu Digidigi. "Lakini mawindo ni yule anayekimbia. Mimi nimeshakamatwa."

Chui akaona ni kweli, naye hakutaka kuiharibu desturi ya baba zake. "Basi wewe ni kitoweo."

"Kitoweo kiko chunguni, bwana. Mimi bado napumua."

Fisi, aliyekuwa amejibanza kichakani akisubiri mifupa, uvumilivu ulimshinda. "Mwite mzoga, tule!"

"Mzoga?" Chui aling'aka. "Mimi, mwenye madoa haya, nile mzoga kama wewe?" Akainua mkono uleule uliomkandamiza Digidigi amzabe kofi. Fisi akainama, kofi likapiga hewa, na Digidigi akatimka. Lilibaki vumbi tu.

"Sasa ndiyo mawindo, bwana!" sauti yake ilisikika kwa mbali. "Ulipatia tangu mwanzo!"

Chui alirudi nyumbani kichwa chini. Mkewe alikuwa ameshawasha moto, na watoto wamekizunguka chungu.

"Umetuletea nini leo, baba watoto?"

"Majina matatu, mke wangu."

"Haya," alisema mkewe, akafunua chungu. "Yatie humu, tuone kama yataiva."