Mashimo ya Ukoo wa Muhanga

Zama wanyama walipokuwa wakipanga nyumba, bibi yake Muhanga alichimba mashimo mlimani akawapangisha. Baba akayarithi, kisha Muhanga mwenyewe, naye aliyakarabati kila kiangazi.

Fisi akachimba mengi upesi bondeni, karibu na maji. Wapangaji wote wakahamia huko, isipokuwa Ngiri mzee.

"Nawe kachimbe bondeni, mjukuu wangu," Ngiri alimshauri.

"Bibi alilikataa bonde lile, babu. Alisema mto haujalisahau."

Masika yale mto ulifurika. Wapangaji wakarudi mlimani, na Fisi na watoto wake nyuma yao, wamelowa.

"Mimi niliyekunyang'anya wapangaji, utanipa shimo?"

"Una watoto, na mvua bado inanyesha," Muhanga alijibu. "Ingia."

Tangu hapo fisi huzalia mashimoni mwa muhanga.