Zamu ya Mshonaji

Kofi la mwanangu lilimwangusha mkewe juu ya cherehani. Sindano ikamchana kiganja, damu ikadondokea gauni la mteja.

Simu ilikuwa mezani, imeegemea kopo la vifungo. Ndani yake mwalimu wa kozi ya biashara alikuwa akiwaeleza wanafunzi wapya watarajie nini: video fupi, maswali, na leo kila mmoja aeleze kazi yake. Zamu ya mkwe wangu ilikuwa imefika.

"Biashara! Kwani mimi sikulishi?" Mwanangu akamkamata nywele.

"Baba, mwachie," nikasema.

"Mama, haya hayakuhusu. Wewe piga pasi."

Kweli nilikuwa nayo mkononi, makaa yamekolea. Marehemu baba yake nilimvumilia mpaka akazikwa.

Ndipo simu ikasema taratibu, "Dada mshonaji, tunaona sote. Uko salama?"

Mwanangu akageuka. Kioo kizima kilikuwa nyuso zinamtazama. Akarusha mkono mezani aikwapue simu.

Nikaugandamiza kwa pasi palepale. Ngozi ikalia chwaa.

"Endelea, mwalimu," nikasema, pasi sijaiinua. "Mshonaji yupo."