Koo la Kivuva

Syokau alishika beseni kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia ukutani, na baba yake akatema. Kilichotoka kilikuwa kizito kama ute wa yai. Kikaning'inia kidevuni, kikakataa kukatika. Ikabidi akikate yeye kwa kitambaa.

"Maji moto," Kivuva akakwaruza. "Kidogo kidogo."

Huo ulikuwa mwezi wa tatu tangu arudi Tawa kutoka Nairobi, alikopasuliwa njia ya chakula. Kwa miaka miwili kila alichokula kilikwama kifuani, hata akabaki mifupa na macho. Daktari alikata msuli uliojifunga, akamwonya kwamba maumivu ya kukaza yatakuja na kwenda. Koo litajikunja kama ngumi, asiogope, anywe maji moto na alale ameketi. Yakaja kweli. Siku ya kwanza alianguka mlangoni pa jikoni, mkono kifuani, macho yamemtoka, mpaka akina mama wa kanisa wakaanzisha wimbo wa mazishi kabla ya wakati wake.

Lakini si ute tu uliomchukiza Syokau. Zaidi alimchukia mwenye lori.

Ndululu, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Mwingi, ndiye aliyembeba Kivuva kwa lori lake mpaka hospitali, akamtafutia kitanda, akalala naye huko siku tatu. Mtu aliyekutoa kaburini humwambii hapana. Kwa hiyo aliposema anamtaka Syokau awe mke wake wa tatu, Kivuva aliinamisha kichwa tu. Huyo Ndululu alikuwa na tabia ya kuchokonoa sikio kwa ufunguo wa lori, kisha kuunusa ule ufunguo. Hata mbele ya chakula.

Wiki hiyohiyo barua ya Syokau ya kuitwa chuo cha ualimu ikafika. Baba yake aliisoma mara mbili, akaitia chini ya mto.

Ikabaki ntheo, wale mbuzi wa kufunga ndoa. Kwa wazee wa kilima cha Tawa, mbuzi akishachinjwa, kipande cha kwanza humezwa na baba wa msichana mbele ya mashahidi. Akimeza, msichana ameenda. Kikikataa kushuka, mambo yameisha, na hakuna mbuzi wa pili.

"Mtu wa uji atameza nyama namna gani?" mama yake Syokau akauliza.

"Nitafanya mazoezi," Kivuva akasema.

Na akafanya. Kila asubuhi alienda nyuma ya ghala na kipande cha nyama, na Syokau akamsikia. Khoo, khoo, kimya. Khoo, khoo, kimya. Kama mwanakwaya anayejifunza sauti yake. Alirudi anatiririka jasho. Syokau akalisugua beseni kwa majivu na kuwaza: mzee huyu yuko tayari kupasuka koo, bora tu anikabidhi kwa lile jitu.

"Syokau, mwanangu," akamwita siku moja. "Ile siku nilianguka, nilishika kifua kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwa nini, Baba?"

"Mtu aujue ugonjwa wake."

Mzee Kilonzo, jirani yao, akapita akicheka. "Kivuva! Huo uji wenu unatiwa nini? Mashavu yanarudi kama ya chifu!"

"Ni maombi ya kanisa, mzee."

Jumamosi Ndululu akafika na mbuzi watatu na wazee sita. Mmoja akachinjwa. Ubavu ukachomwa, mafuta yakidondoka, na Mzee Kilonzo akakata kipande cha kwanza. Ndululu alikuwa ameketi karibu mno na Kivuva, anamwangalia mdomoni, ulimi wake ukipanguza midomo yake mwenyewe.

Kivuva akatafuna. Kule jikoni Syokau akafumba macho, akamwomba Mungu alifunge lile koo, lifunge kabisa, kisha akaona aibu kwa maombi ya namna hiyo.

Kivuva akameza.

"Imeenda!" Ndululu akapiga paja.

Hapo mkono wa kushoto ukaruka kifuani. Macho yakatoka. Khoo, khoo, akapinda, na nyama pamoja na ute na uji wa asubuhi vikatua kwenye suruali ya Ndululu, vingine vikaingia ndani ya kiatu.

"Aa! Nini hii?" Ndululu akaruka, mikono juu, anajipangusa kwa majani na kutema mate. "Hata mbwa hatapiki hivi! Mpeni kingine!"

"Hakuna kingine, Bwana Ndululu," Mzee Kilonzo akasema polepole. "Mbuzi amekataliwa. Hii sheria unaijua kama mimi."

Ndululu akawaangalia wazee wake. Wote waliinama, na mmoja alikuwa ameziba pua. Walisaidia kumwinua Kivuva na kumpeleka chumbani, mama yake Syokau akifuata analia. Kisha wakapakia mbuzi wawili waliobaki, na lori likaondoka kwa hasira mpaka kuku wakatawanyika.

Syokau alichemsha maji haraka. Aliomba baba yake ateseke, na Mungu akamsikia. Akachukua beseni na kikombe, akasukuma mlango wa chumbani kwa bega.

Mama yake hakuwa akilia tena. Alikuwa ameshika sufuria. Kivuva ameketi kitandani na sahani ya muthokoi magotini, mahindi ya kukoboa na maharagwe, punje ngumu nzimanzima, anameza kijiko juu ya kijiko bila tone la maji.

"Umefunga sanduku la chuo?" akauliza, mdomo umejaa.