Ukoo Safi

Siku hizi familia inaruhusiwa kumfuta marehemu. Ukimfuta, kifo chake hakihesabiwi tena kwenye ukoo, na mabinti waliobaki huonekana hawana hatari ya kurithi ugonjwa. Washenga huwapenda mabinti wa namna hiyo.

Nilipopata mchumba, mama alimfuta bibi Mashavu, kisha akamfuta mama mdogo Tabu. Wote wawili walikufa kwa saratani ya matiti.

Washenga walipokuja, shangazi wa mchumba wangu aliisoma orodha ya ukoo wetu iliyotundikwa ukutani huku akitafuna kaimati.

“Mashaallah! Kumbe huku kwenu wanawake hawafi?”

“Tunafanya uvivu tu, mwenzangu,” mama akamjibu, wakacheka sana.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kaimati zile nilifundishwa na mama mdogo. Nilitamani kumtaja, nikaona haya.

Posa ikakubaliwa. Wiki iliyofuata mama na mimi tulikwenda zahanati kupimwa matiti, kama tulivyozoea kila mwaka. Mama akatangulia mbele ya mashine.

“Karibu,” ikasema mashine. “Ukoo wako ni safi, kwa hiyo utapimwa baada ya miaka sita. Kama kuna marehemu wa kumrudisha, mtaje sasa.”

Mama hakuondoka. Mkono wake ulikuwa ndani ya kanga, umelishika titi la kushoto, na vidole vilikuwa vinarudi palepale, palepale. Akageuka akanitazama, akaitazama hina ya uchumba mikononi mwangu.

“Hakuna,” akaiambia mashine.