Siku Ukumbi Ulipoketi

Mkuu wa mji alipoingia ukumbini, watu wote walisimama kama kawaida, isipokuwa Mwanahawa.

“Simama, dada, utatuponza,” jirani yake Sikudhani alimnong'oneza.

“Nilisimama mlangoni kwake siku tatu, namwomba afungue ghala la dawa, mwanangu yu taabani,” Mwanahawa alijibu kwa sauti, macho hayambanduki mkuu. “Nimeshamzika. Leo na asimame yeye.”

Sikudhani akaketi. Nyuma yao mzee mmoja naye akaketi, kisha benchi zima, kisha hata wale ambao hawakusikia neno, kwa kuwa wenzao wameketi. Mwanahawa alihisi utamu mkali kooni.

Wakabaki wamesimama mkuu na mkewe. Mke aliutazama ukumbi, akamtazama mumewe, akavuta kiti aketi.