Ndoo Tatu kwa Gari la Bi Zamda

Mtaa mzima ulikuwa umekuja kuona gari la Bi Zamda likimwagiwa maji. Kutu ilikuwa imelila bati la chini ya kioo cha mbele, na mafundi wawili walishaziba matundu kwa puti tu. Mvua ikinyesha, miguu inaloa. Safari hii Bi Zamda aliapa kwamba likivuja tena, gari lililompeleka harusini kwake atamwuzia Sefu. Na Sefu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa pale pale na mizani yake.

"Mimi sikuziba," alisema Kombo, fundi wa tatu. "Nimekata lote lililooza, nikachomelea bati jipya."

Akanyunyiza unga wa ngano ndani, pale pa kuwekea miguu. Tone moja tu lingeacha alama.

"Unga huo si ungetosha chapati?" Sefu akatania.

"Utapikiwa ukilikosa gari, shemeji!" akajibu Bi Zamda.

Ndoo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikamwagwa na majirani wawili kwa mpigo, wakalowa wao. Bi Zamda akafungua mlango, akainama, akapitisha kidole sakafuni. Akakiinua juu: kikavu, cheupe. Vigelegele!

"Subiri, Bi Zamda, rangi bado!" Kombo akapaza sauti.

Bi Zamda alishakaa kwenye usukani. "Sukumeni!"

Betri ilikuwa imekufa zamani. Wakasukuma wote, Sefu nyuma kabisa, bega kwenye buti, akicheka mwenyewe. Kwenye mteremko injini ikakohoa, ikanyamaza, halafu ikakohoa tena, ikawaka.