Mtoki wa Shekue

Shekue alilala chali mkekani, mkono kauweka kinenani palipovimba. Mama yake, Bi Kibibi, alikuwa amepasha mchi moto ili amkande. Mkewe, Nasra, aliingia na beseni la maji.

"Mtoki haukandwi kabla kidonda hakijaonekana," alisema Nasra. "Wewe ndiye uliyenifundisha, mama. Tezi za kinena huvimba zikizuia uchafu unaopanda kutoka mguuni. Haya, tukitafute hicho kidonda."

"Nilijikwaa," alisema Shekue, uso kaugeuzia ukutani.

Nasra alimwosha mguu mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaachanisha vidole. Akauosha na wa pili. Nyayo zote mbili zilikuwa laini kama za mtoto mchanga.

"Hakuna hata mchubuko. Sasa mwanao atuambie uchafu huu umeingilia wapi. Zile siku anazosema amelala kazini, alilala kwa nani?"

"Koma!" Bi Kibibi aliweka mchi chini. "Wivu umekupofua. Lete huo mguu."

Akampa Nasra mgongo, akauinamia mguu wa mwanawe. Shekue akapiga ukelele. Bi Kibibi alipogeuka, ukucha wa kidole gumba cha mkono wake ulikuwa mwekundu.

"Na hiki si kidonda?"

Nasra alitazama damu mbichi ikidondokea ndani ya beseni. Kisha akauokota mchi, ungali moto, akapiga magoti kando ya mumewe.

"Ni kidonda, mama. Basi mshike miguu. Leo nitamkanda mwenyewe."